Vyeti vya Chokocho: Historia Fupi ya Mafunzo na Ubia Kusini mwa Pemba

Ukishuka kwenye meli pale Mkoani na kuifuata barabara ya kusini, utafika Chokocho, bandari ndogo ambayo watu wa Kisiwa Panza huitumia kuvuka na kurudi kwao. Mara ya mwisho nilipokwenda huko nilikaribishwa na bibi mmoja, mkulima wa mwani. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliingia ndani akatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na vyeti vitatu, vya miaka mitatu tofauti na vya miradi mitatu tofauti. Vyote vilikuwa vya kutengeneza sabuni.

“Kutengeneza najua, mwanangu,” aliniambia. “Nimuuzie nani? Jirani yangu naye katengeneza.”

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Makala haya ni jaribio la kulitafuta, na nimeona nianzie kwenye historia, kwani swali la bibi huyu ni la zamani kuliko vyeti vyake.

Pwani ya Pemba ilikuwa na mafunzo ya amali kabla haijawa na wizara wala mamlaka ya kuyasimamia. Kijana aliyetaka kuunda madau alikaa na fundi kwa miaka, akianza kwa kubeba mbao na kuziba nyufa kwa pamba na mafuta, hata ikafika siku akaaminiwa kushika tezo. Wanawake walifukia makumbi ya nazi katika tope la pwani, wakayafukua baada ya miezi, wakayatwanga na kusokota kamba. Mabinti walijifunza hayo kwa mama zao. Pamoja na ujuzi huo ulikuwapo ubia. Mapato ya uvuvi yaligawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Mgao huo haukuwa wa usawa, na mwenye chombo hakuwa malaika. Lakini kila aliyeingia baharini alijua, kabla tanga halijapandishwa, fungu lake ni lipi.

Karafuu zilibadili hesabu hiyo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa ghala kuu la zao hilo. Awali kazi ya mashambani ilifanywa na watumwa. Baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, mchumaji akalipwa kwa pishi. Uchumaji na uanikaji ni kazi zenye ujuzi wake, na Wapemba waliumiliki ujuzi huo barabara. Wasichokimiliki ni bei. Chama cha Wakulima wa Karafuu kiliundwa mwaka 1927, na mwaka 1937 sheria ikakipa mamlaka makubwa juu ya biashara ya kusafirisha karafuu nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma. Mwaka 1938 mzozo ukamalizwa kwa maafikiano baina ya serikali, chama na wafanyabiashara. Mchumaji wa Pemba hakuwa miongoni mwa walioafikiana.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawanywa, wengi wakipata eka tatu tatu, lakini ununuzi wa karafuu ukabaki mikononi mwa shirika la serikali. Kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo ya bei ya dunia, na magendo ya kwenda Mombasa yakashamiri. Viongozi walihubiri uzalendo, vikosi vikalinda fukwe, na karafuu ziliendelea kuvuka usiku. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha sana bei ya mkulima, wengi walirudi vituoni kuuza. Naiona hapa hoja ya msingi: mkulima hakukosa elimu ya uraia. Alikuwa akipiga hesabu.

Mwani ulikuja na hadithi iyo hiyo katika vazi jipya. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, kikafika Pemba baada ya muda mfupi. Leo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Makampuni yaligawa kamba, tai-tai na mbegu. Mkulima alitoa mgongo wake na kuuza kwa kampuni iliyompa vifaa, kwa bei iliyopangwa na kampuni. Huo nao uliitwa ubia. Mwani mkavu ulisafirishwa nje kwenda kutolewa utomvu unaotumika katika vyakula, dawa ya meno na vipodozi, na thamani kubwa ikabaki huko. Maji ya bahari yalipozidi joto, aina yenye bei nzuri, kotonii, ilianza kufa katika maeneo mengi. Ushauri wa kuipanda kwenye kina kirefu ulikuwa sahihi kitaalamu, lakini ulihitaji chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakuwa na kimoja wala kingine.

Sipingi mafunzo, mimi mwenyewe nala kwa kufundisha. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na vituo vyake, kikiwamo cha Vitongoji, ni hatua kubwa kwa vijana wetu. Ninachopinga ni mazoea ya kuhesabu maendeleo kwa idadi ya vyeti. Mradi unaokuja Chokocho uulizwe maswali matatu mbele ya sheha na wanakijiji kabla ya siku ya kwanza ya semina. Mnunuzi ni nani, na atanunua kwa bei gani? Vifaa vitakuwa mali ya nani mradi ukiondoka? Na faida ikipatikana, mafungu ni yapi?

Maswali haya hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Wazee wa Chokocho waliyauliza kila dau lilipoundwa. Mshirika wa kweli hatakasirika kuulizwa, na anayekasirika atakuwa ameshajibu.

Bibi yule alivirudisha vyeti vyake katika bahasha, akaikunja vizuri. Maji yalikuwa yamekupwa, na alikuwa na kamba zake za kukagua. Alinipa kipande cha sabuni niende nacho. Nilipotaka kukilipia alikataa, akacheka: “Chukua tu, mwanangu. Wewe ndiye mteja wangu wa mwaka huu.”