Usita wa Mui: mtaa ulioachwa na bahari

Ukisimama leo Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, huioni bahari. Majengo na vichochoro vimekukinga nayo. Ilipojengwa, ngome hiyo ilikuwa ukingoni mwa maji. Haikuhama. Pwani ndiyo iliyofukiwa na kusogezwa, na mtaa unaopita mlangoni pake ukabaki ndani ya mji.

Serikali huuita Harambee Avenue, jina kubwa kuliko mtaa wenyewe, maana punda wawili wenye shehena wakikutana humo, mmoja sharti abane ukutani. Wenyeji wa Lamu, Waamu, wana jina lao: Usita wa Mui, mtaa wa mji.

Ngome ilitokana na hofu ya washindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1810, Waamu waliwapiga Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela. Wakahofia kisasi, wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman. Ujenzi ulianza 1813 ukamalizika 1821. Ulinzi ulikuja na bei yake, kwani Lamu iliyoshinda vita ikajikuta na liwali wa mtu mwingine. Kuanzia 1910 hadi 1984 jengo hilo likawa jela, kisha likaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwamu aliyezaliwa miaka ya 1960 alikua akijua kwamba mle hufungwa watu.

Lakini mtaa huu hausomeki kwa ngome pekee. Elekea kaskazini, upande wa Mkomani, uzitazame nyumba za mawe ya matumbawe. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki mbali, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Nje unaona ukuta mtupu. Mgeni huishia dakani, kwenye baraza ya mawe, asijue kwamba ndani kuna kuta zilizochongwa zidaka, vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu. Hata njia ya kupita nyumba hadi nyumba iliwekwa juu, kwenye wikio, chumba kinachovuka kichochoro, ili wanawake wasilazimike kushuka mtaani.

Ndiyo maana maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yalileta mageuzi ambayo hayakuhitaji mzinga. Nyumba ya Kiamu huficha, duka huonyesha. Karne ya 19 ikiendelea, mlango unaotazama mtaa ukaanza kuachwa wazi kutwa, bidhaa zikaning'inizwa, hasa upande wa Langoni. Wakati huohuo ardhi mpya ya pwani ikajengwa nyumba zenye veranda zinazotazama bahari. Mwenye mali akahamishia macho huko, na usita ukabakiwa na kazi ya kila siku: kuuza, kununua, kusalimiana.

Katikati ya shughuli hizo Wajerumani walifungua posta, tarehe 22 Novemba 1888. Macho yao yalikuwa Witu, ng'ambo, upande wa bara, ambako ndugu wawili Clemens na Gustav Denhardt walikuwa wamepatana na Sultani Ahmed. Mwaka 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu kwa mkataba, na posta ikafungwa tarehe 31 Machi 1891. Leo kijengo hicho ni makumbusho. Mimi huona kichekesho hapo: mpangaji wa miaka miwili na miezi minne ana makumbusho yake, na muuza nguo wa usita huu, ambaye babu yake alifungua duka kwenye mlango anaouzia yeye leo, anao mlango tu.

Tangu 2001 Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Asubuhi shehena hushushwa gatini, ikapakiwa punda, ikapandishwa kichochoroni hadi sokoni, ubavuni mwa ngome. Zamani jahazi lingeishusha karibu na mlango wa ngome.