Amri Iliyofutwa

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kupiga mistari ya daftari la maksi kwa rula na wino, na daftari hilo halikuwahi kunigomea. Nalitaja kwa sababu mwaka 2016, nikiwa nimekwisha kustaafu, niliitwa shuleni kuitazama programu ya maksi niliyoiandika mwenyewe mwaka 2009 kwa lugha ya PHP. Walikuwa wamenunua kompyuta mpya, yenye PHP 7. Kioo kikaandika kwamba amri ya mysql_connect haijulikani.

Haijulikani! Ilikuwa ikijulikana miaka yote saba.

PHP ilitangazwa mwaka 1995 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliyeitengeneza kwa ajili ya kurasa zake mwenyewe. Amri za mysql ndizo tulizoanzia sisi tuliojifunza bila mwalimu. Mwaka 2004 zikaletewa mdogo wao, mysqli. Mwaka 2013 toleo la 5.5 likaonya kwamba zile za zamani zisitumike tena. Desemba 2015 toleo la 7 likazifuta kabisa. Onyo hilo mimi sikulisoma.

Nilidhani kuongeza herufi i kungetosha. La. Zamani swali lilitangulia, muunganisho ukafuata. Sasa muunganisho ndio unaotangulia. Niligeuza mstari mmoja mmoja kwa wiki tatu, nikinung'unika.

Kisha mwongozo ukanieleza sababu. Njia yetu ya zamani ilichanganya amri na maneno ya mtumiaji katika sentensi moja, hata ritifaa moja ikaweza kuikata amri katikati, na mwenye nia mbaya akapenyeza yake. Katika njia mpya swali huandaliwa kwanza, likaachiwa nafasi, na jina huingizwa baadaye, kama katika fomu.

Ritifaa! Mwaka ule wa 2009 programu ilikwama kila tulipoandika majina kama Nyang'oro au Ng'wandu, nami, mkuu wa shule, nikaagiza ritifaa iondolewe. Watoto wale wakapewa ripoti za Nyangoro na Ngwandu. Mzazi mmoja alikuja kulalamika. Nilimwambia, "Mzee wangu, kompyuta haitaki."

Kabla ya kuikabidhi programu niliketi na rejesta ya zamani, nikayarudisha majina yote, 41. Ripoti zenyewe zilikwisha kuondoka na wenyewe.