Kabla ya Gemu Palikuwa na Bao

Treni ya TAZARA ikitoka Dar es Salaam hupita Mzenga, Kisarawe. Reli hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Bao ni kongwe kuliko reli kwa mbali. Wazaramo wa Kisarawe, kama wenzao wa pwani nzima, wamelicheza vizazi na vizazi, ubao wa mashimo 32 katikati yao na kete 64, mara nyingi komwe za kijivu zilizong'arishwa na viganja.

Leo mtoto akishinda kwenye kibanda cha gemu, mzazi huhofia kichwa chake. Zamani mcheza bao naye alipewa sifa mbili kwa mpigo: ana akili, na hana kazi.

Akili yenyewe hakusingiziwa. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Wakati wa kunamua, yaani awamu ya kwanza, huingiza hizo za mkononi moja moja, na kete moja yaweza kula, ikazunguka, ikala tena, mpaka mchezo ulale kwenye shimo tupu. Fundi huiona safari hiyo yote kabla hajanyoosha mkono. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na Mholanzi Alex de Voogt, aliyekaa na mabingwa wa Zanzibar, aliandika tasnifu ya 1995 huko Leiden akitafuta ukomo wa akili katika ufundi huo.

Gemu nazo zikapimwa. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier, Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwachezesha watu wasiozizoea saa moja kwa siku, siku kumi: baadhi Medal of Honor, gemu ya vita, wengine Tetris. Waliocheza ya vita wakawa wepesi zaidi wa kunasa vitu vinavyopita haraka machoni. Lakini mwaka 2008 Walter Boot na wenzake walichezesha watu zaidi ya saa 20, na faida nje ya gemu yenyewe haikuonekana sana.

Mcheza bao asingeshangaa. Nani alimtarajia fundi wa kunamua apasi mtihani kwa sababu ya bao? Alitarajiwa amfunge mwenzake, basi. Ila bao lilikuwa na darasa lake: wengi walijifunza kwa kuchungulia begani mwa wakubwa, wakibisha kila kete ilipokwenda. Kwenye kibanda cha gemu nako, vijana wanaosubiri zamu ndio wenye kelele na mawaidha kuliko anayecheza.