Opiyo na Odongo

Opiyo ni jina la mvulana pacha aliyetangulia kuzaliwa kati ya Waluo wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Msichana huitwa Apiyo. Anayefuata ni Odongo au Adongo. Jina la kwanza lina shina la wepesi, la pili la kubaki nyuma, na herufi ya mwanzo hutenganisha jinsia kama katika Otieno na Atieno. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Okelo au Akelo.

Mila

Kuzaliwa kwa *rude*, yaani mapacha, kulileta furaha iliyochanganyika na hofu. Wazazi walikaa ndani mpaka ndugu na majirani walipokuja kuwatoa kwa pombe, ngoma na nyimbo za matusi, ambazo siku nyingine zingekuwa aibu kubwa.

Ng'ambo ya mpaka

Majina haya ni makongwe kuliko mpaka wa Kenya na Uganda. Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu historia ya Waluo wa kusini, aliwaweka Wapadhola wa Tororo katika simulizi moja na Waluo wa Nyanza. Wapadhola nao wana Opio na Odongo. Kwa Waacholi na Walango, Opio yupo, lakini mdogo wake ni Ocen, au Acen akiwa msichana.

Okelo, au Okello, ndilo lililovuma zaidi. John Okello, mzaliwa wa Lango, alijitangaza kiongozi wa Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Tito Okello, Mwacholi, alitawala Uganda mwaka 1985 hadi 1986. Majina haya yamevuka hata lugha: Jenerali Jeje Odongo wa Uganda ni Mteso, na Kiteso si Kiluo.

Majirani Wabantu

Wabukusu wana Mukhwana na Mulongo. Waganda pia hutenganisha jinsia: Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana. Kusini mwa Ziwa Victoria, Wasukuma wamewapa Watanzania wote Kulwa na Doto, bila kujali jinsia. Doto Biteko aliteuliwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023.

Maandishi

Kenya huandika zaidi Opiyo, Uganda Opio. Shule za misheni, kama Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, ziliongeza majina ya ubatizo bila kuyafuta haya ya asili, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Leo mengi yamekuwa majina ya ukoo: Opiyo likiwa mwishoni mwa jina la mwanamke, kwa kawaida ni la baba, babu au mume, wala si dalili kwamba mwenyewe ni pacha.