Kulia si machozi tu: maneno ya Kiswahili yanayoiga sauti

Simu inalia. Mtoto analia. Ngoma inalia. Mbwa analia usiku. Kitenzi ni kimoja tu, na kwa kawaida kila mtu anaelewa. Lakini mtu akipiga simu ku redio saa nne za usiku na kusema "kumelia huku kwetu", neno hilo peke yake halitoshi. Kumelia nini? Ni watu wanaolilia marehemu, ao ni bunduki? Na kama ni bunduki, imelia namna gani? Hapo ndipo maneno yanayoiga sauti yanafanya kazi yake. Wengi wanayaona kama maneno ya watoto, lakini yanabeba habari.

Kitenzi kimoja, kazi mbili

"Kulia" ni neno la zamani sana, na ndugu zake wako katika lugha nyingi za Kibantu. Kwa Kinyarwanda ni kurira, kwa Tshiluba kudila, kwa Lingala kolela. Katika Kiswahili limebeba kazi mbili pamoja: kutoa machozi na kutoa sauti. Ndiyo maana unaweza kumliza mtoto, na unaweza pia kuliza kengele ya kanisa.

Kutoka hapo tunapata majina mawili ambayo yasichanganywe. Mlio ni sauti ya kitu ao ya mnyama: mlio wa bunduki, mlio wa ndege, mlio wa simu. Kilio ni sauti ya huzuni, ya maumivu, ao ya malalamiko: kilio cha mjane, kilio cha wananchi juu ya barabara mbovu. Bunduki haina kilio. Kilio kinakuja baadaye.

Huku kwetu Congo, kilio kimepata maana nyingine tena. Mtu akisema "beko ku kilio", hasemi kwamba wote wanatoa machozi. Anasema wamekwenda kukaa na wafiwa. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania wangesema wako msibani ao matangani.

Namna za kulia

Kiswahili kinatofautisha vizuri sauti ya mtu mwenye uchungu:

Kwikwi ni sauti ya pumzi inayokatika. Ni jina la ile hali inayokupata ukinywa maji haraka, na pia ya mtu aliyelia mpaka pumzi inakatakata. Neno lenyewe ni sauti.

Kupiga kite ni kutoa sauti ya chini, ya tumboni, kwa sababu ya maumivu: mgonjwa, ao mama aliye na uchungu wa kuzaa.

Kuguna ni sauti fupi ya mdomo uliofungwa. Mtu anaguna akiwa na mzigo mzito, ao asipokubali jambo lakini hataki kusema.

Kunung'unika ni kulalamika kwa sauti inayopita puani. Ile "ng'" ndani ya neno inaisikilizisha kabisa.

Yowe, ukemi na kamsa si huzuni tu. Ni sauti za kuita watu: moto, mwizi, mtoto ameanguka majini. Anayesikia anapaswa kutoka nje.

Kuomboleza ni kulia kwa maneno, ukimtaja marehemu na mambo aliyofanya.

Vigelegele ni sauti ya ulimi ya furaha, ku ndoa ao mtoto anapozaliwa. Kutoka mbali, mgeni anaweza kuchanganya vigelegele na mayowe. Mwenyeji hachanganyi.

Sauti za vitu na za mbingu

Radi, simba na injini ya lori vinanguruma. Upepo na nyuki vinavuma. Sufuria ya maji inayokaribia kuchemka inatutuma, na mtutumo ni pia sauti nzito ya mbali, ya chini kwa chini. Kuni na bisi zinatatarika. Majani makavu chini ya miguu yanatoa mchakacho. Kitu kizito kikianguka, tunasikia kishindo.

Kuna pia maneno mafupi yanayofuata kitenzi, ambayo shuleni yanaitwa tanakali za sauti. Mzigo unaanguka pu! Jiwe linaingia majini chubwi! Kijiti kinavunjika kacha! Wengine wanacheka kwa-kwa-kwa, mtoto analia kwi-kwi-kwi. Lakini mengine hayana sauti ya kuiga: mtu amelala fofofo, nguo ni nyeupe pe, kuna giza totoro, nyumba iko kimya jii. Mtaalamu wa lugha za Kibantu Clement Doke aliyaweka maneno haya katika kundi lao katika kitabu chake cha istilahi cha mwaka 1935. Alieleza kwamba yanaonyesha si sauti tu, bali pia rangi, harufu, hali na namna jambo linavyotendeka. Kwa hiyo si mapambo ya lugha. Ni aina kamili ya maneno, sawa vile vitenzi na majina.

Majina yaliyozaliwa na sauti

Mara nyingi sauti inageuka kuwa jina. Pikipiki imepata jina lake hivyo, hata kama leo mjini tunasema "moto", neno la Kifaransa linalofanana na moto wa jikoni. Tingatinga pia. Huko Goma, wengi wanasema jina la chukudu, lile gari la mbao la kusukuma, linaiga sauti ya magurudumu yake barabarani. Kwa upande wa ndege tuna hondohondo mwenye mdomo mkubwa, na tipitipi, ambaye wengine wanamuita dudumizi.

Jina moja la namna hiyo limeacha alama mbaya katika historia yetu. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed wa Zanzibar, aliyeuza pembe za ndovu na watumwa na kutawala sehemu za Maniema kutoka Kasongo, anajulikana kama Tippu Tip. Wengine wanasema ni juu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Lakini yeye mwenyewe, alipoeleza maisha yake, alisema watu walimuita hivyo kwa sauti ya bunduki zake. Misafara ya namna hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili Maniema katika karne ya 19. Watu waliokimbia hawakujua jina la mtu huyo. Walijua sauti, na sauti ikawa jina.

Kwa nini tusiyatupe

Tunapoandika habari, mara nyingi tunayafuta maneno haya. Msikilizaji amesema "ililia pa! moja, kisha ta-ta-ta-ta kwa muda mrefu", sisi tunaandika "milio ya risasi ilisikika". Tumepunguza. Risasi moja na mfululizo wa risasi si habari moja. Vilevile, tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na siku zilizofuata ardhi ikitikisika, "tumesikia mlio" haikutosha kwa familia za Goma. Mngurumo wa juu unaweza kuwa mvua inakuja. Mtutumo wa chini ya miguu ni jambo lingine.

Sauti peke yake haithibitishi kitu, na redio inapaswa kuuliza zaidi ya mtu mmoja kabla ya kutangaza. Lakini ushahidi wa masikio unaanza na neno sahihi. Kwa hiyo ukitupigia simu, usione haya. Iga ile sauti jinsi ulivyoisikia, sema ilitoka upande gani, ilirudia mara ngapi, na baada yake kulikuwa kimya ao mayowe. Na ukiwa na bibi ao babu nyumbani, muulize katika lugha yake sauti hiyo inaitwaje. Pengine ana neno moja pale tunapohitaji sentensi nzima.