Ngawira, Daftari na Kodi: Utawala wa Makhalifa wa Mwanzo

Kati ya mwaka 634 na 644, katika ukhalifa wa Umar bin Khattab, majeshi ya Waislamu yaliteka Shamu, Iraki na sehemu kubwa ya Misri. Jeshi la Bizanti, yaani dola ya Roma ya Mashariki, lilivunjwa Yarmuk mwaka 636, na lile la Wasasani waliotawala Uajemi likashindwa Kadisiya karibu na wakati huohuo, dola zote mbili zikiwa zimedhoofishwa na vita baina yao vilivyokwisha mwaka 628. Udhaifu huo unasaidia kueleza ushindi, lakini hauelezi kwa nini ushindi huo ulidumu. Jibu linapaswa kutafutwa katika ardhi na mapato yake.

Kwa desturi, ngawira, yaani mali iliyotekwa vitani, iligawiwa wapiganaji baada ya sehemu moja ya tano kutengwa, na wengi walitaraji kwamba Sawad, nchi yenye rutuba ya kusini mwa Iraki, ingegawiwa vivyo hivyo. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Umar alikataa kwa kuwa vizazi vya baadaye vingekosa fungu. Huo ulikuwa uamuzi mzito kuliko vita vyovyote vya zama zile. Wakulima waliachiwa mashamba yao wakalipa haraji, yaani kodi ya ardhi, na wasio Waislamu wakalipa jizia, kodi ya kichwa, ingawa katika miongo ya mwanzo kodi hizo mbili hazikutofautishwa waziwazi. Mapato yaligawiwa kupitia diwani, daftari lililoanzishwa mnamo mwaka 20 wa Hijra (641), ambamo waliotangulia kusilimu walipangiwa posho kubwa zaidi, na askari wenyewe wakawekwa katika miji mipya ya kambi, yaani Basra, Kufa na Fustat, mbali na vijiji walivyovishinda.

Makarani wa zamani walibaki kazini, wakiandika Kigiriki huko Shamu na Misri, na Kiajemi huko Iraki. Hati ya mafunjo ya mwaka 22 wa Hijra (643), iliyoandikwa Misri kwa Kigiriki na Kiarabu, ni stakabadhi ya kondoo 65 waliochukuliwa kwa ajili ya jeshi, nayo inaonyesha kwamba hata washindi walitoa risiti. Ni Abdul-Malik bin Marwan, khalifa wa ukoo wa Umayya, aliyeamuru Kiarabu kiwe lugha ya ofisi za kodi, na mwaka 77 wa Hijra akatoa dinari isiyo na sanamu, yenye maandishi matupu.

Mpango huu, hata hivyo, ulitegemea walipa kodi wasiosilimu. Mawali, yaani Waislamu wasio Waarabu waliojiunga na makabila ya Kiarabu kama wafuasi, waliendelea mara nyingi kutozwa jizia, dhuluma ambayo khalifa Umar bin Abdul-Aziz (717–720) alijaribu kuikomesha bila mafanikio ya kudumu. Manung'uniko hayo yalikuwa makali hasa Khurasani, mashariki ya Uajemi, ambako uasi ulizuka mwaka 747 na kuwaangusha Banu Umayya mwaka 750. Inasimuliwa kwamba Abu Muslim, kiongozi wake, aliagiza askari waandikwe daftarini kwa majina yao na vijiji vyao, wala si kwa makabila.