Jicho, Tabibu na Mizani ya Haki

Jicho ni dogo kuliko yai la kuku, lakini ndilo linalompa mtu bahari, jua na sura za watoto wake. Ndiyo sababu tangu kale wanadamu wameulizana swali moja zito: jicho likiharibika mikononi mwa mtu aliyepewa kulitibu, ni nani alipe? Mji wa Mombasa umepata kulijibu swali hili kwa sheria mbili, moja baada ya nyingine, na kijana anayezijua zote mbili atakuwa amejifunza jambo la kumfaa maisha yake.

Jibu la kale lililoandikwa lilitoka Babeli, katika sheria za Mfalme Hammurabi, zilizochorwa juu ya jiwe yapata miaka 1750 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Tabibu aliyeliponya jicho la mwungwana kwa kisu cha shaba alistahili shekeli 10 za fedha. Aliyelipofua alikatwa mikono. Adhabu hiyo ilitisha, lakini ilikuwa na upungufu mkubwa. Haikutenga tabibu mzembe na tabibu hodari aliyeshindwa na maradhi. Tena mikono iliyokatwa haikumrudishia kipofu nuru, wala haikumlisha.

Mombasa ya Mji wa Kale ilikuwa na mizani iliyo bora zaidi. Zama za Wamazrui, waliotawala hata mwaka 1837, na zama za Mabusaidi wa Unguja waliofuata, makadhi waliamua kwa sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi. Sheria hiyo iligawa watibabu mafungu mawili. Mtu asiyejulikana kwa utabibu, akajitia kutibu na kudhuru, alikuwa mdhamini wa madhara yake. Mjuzi aliyepewa ruhusa na mgonjwa, akafanya kazi yake bila ya kuvuka mpaka, hakulipa kwa jambo lililomshinda. Jicho lilikuwa na kadiri yake pia: diya kamili ya mtu ni ngamia 100, na diya ya jicho moja ni nusu yake. Basi palikuwa na maswali matatu: je, mtibabu alikuwa na ujuzi? Je, alipewa ruhusa? Je, alivuka mpaka?

Tarehe 1 Julai 1895 Waingereza walitangaza himaya yao juu ya nchi hii, na mambo ya hukumu yakaanza kugeuka. Kadhi alibakia, lakini kazi yake ilipunguzwa hatua kwa hatua hata ikawa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Madai ya madhara ya mwili yalihamia mahakama zilizofuata sheria ya Kiingereza. Hata leo mahakama za Kenya hushika misingi ya sheria hiyo kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Atokaye Ndia Kuu akafika mbele ya Ngome ya Yesu ataliona karibu yake jengo la mahakama ya zamani lililojengwa mwaka 1902. Mwendo kutoka msikitini hata jengo hilo ni wa dakika chache tu, lakini ni mwendo kutoka sheria moja hata nyingine.

Sheria ya Kiingereza nayo ilikuwa na safari yake. Mwaka 1767 mahakama ya London iliwatoza fidia watibabu wawili waliouvunja tena mguu wa mgonjwa uliokuwa ukiunga, bila ya idhini yake. Mwaka 1957 jaji mmoja wa Uingereza alieleza kuwa daktari si mzembe akitenda kama watendavyo wajuzi wenzake wa kuaminiwa. Kipimo hicho kiliwakinga madaktari mno, na jicho ndilo lililokipunguza nguvu. Huko Australia bibi mmoja, aliyekuwa karibu kipofu wa jicho la kulia tangu utotoni, alipasuliwa jicho hilo mwaka 1984. Upasuaji wenyewe haukuwa na kosa, lakini ugonjwa ulizuka na kulipofua la kushoto, lililokuwa zima. Hatari hiyo humpata mmoja katika watu wapatao 14,000. Bibi aliuliza maswali mengi kabla ya kupasuliwa, naye hakuambiwa. Mwaka 1992 mahakama kuu ya nchi ile iliamua kwamba daktari alikosa, kwa sababu mgonjwa ana haki ya kujua jambo ambalo yeye mwenyewe angelitia maanani.

Uamuzi huo ulikuja wakati wake, maana chombo kipya kilikuwa kimezaliwa. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960, na katika miaka ya 1980 madaktari walianza kuitumia kuchonga konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ili mtu aiache miwani. Wengi wamefaidika. Lakini wako waliobaki na macho makavu, waliozingirwa na duara za mwanga kila waonapo taa usiku, au ambao konea yao ilidhoofika ikatuna. Mwaka 2005, mjini New York, jopo la raia lilimpa mgonjwa mmoja fidia ya dola milioni 7.25, kwa kuwa macho yake hayakufaa kufanyiwa kazi ile.

Mkazi wa Mombasa akipatwa na msiba kama huo leo, anaweza kupeleka malalamiko kwa baraza la madaktari lililowekwa na sheria, au kufungua dai mahakamani. Mahakamani hataambiwa "pole" ikatosha. Atatakiwa athibitishe kwamba daktari alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliuvunja, na kwamba kuvunjwa kwake ndiko kulikoleta madhara. Muda wa kudai ni miaka 3, na dhidi ya serikali ni miezi 12. Majuto ni mjukuu: wengi hupoteza haki kwa kuchelewa.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeongeza neno la thamani: mgonjwa aelezwe tiba, faida na hatari zake, kila inapowezekana kwa lugha anayoifahamu. Basi mzee wa Mji wa Kale anayetiwa kalamu mkononi aweke sahihi karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, anayo haki ya kusema, "Nielezeni kwanza." Ukiyatazama vema, msomaji, utaona kwamba kadhi wa zamani na jaji wa leo wanauliza maswali yale yale matatu: ujuzi, ruhusa na mpaka. Daktari mwema hayaogopi, na mgonjwa mwenye busara huyauliza kabla ya kulala juu ya kitanda cha upasuaji.